Kuingia kwenye seva bila nywila, na siku niliyompa mwizi ufunguo



Wiki jana kijana mmoja ninayefanya kazi naye aliniuliza swali dogo: "Kaka, nawezaje kuingia kwenye seva kutoka kwa simu yangu bila kuandika nywila kila mara?" Jibu lake ni amri tatu tu, na ningeweza kumpa pale pale tukiwa bado tunakunywa chai. Lakini nilimwambia avute kiti. Amri hizo tatu nilizijua vizuri mwaka 2009, na nusura ziwaharibie wafugaji wa maziwa malipo yao ya mwezi, mama yangu akiwa mmoja wao. Basi nanyi leo nitawapa amri hizo, ila mtazipata pamoja na kisa chake.

Kwa wale wasioifahamu SSH, nianze na msingi. SSH ni njia ya kuzungumza kwa maandishi na kompyuta iliyo mbali, huku kila kinachopita kikifungwa ili aliye njiani asielewe kitu. Ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, aliyekuwa mtafiti katika chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, Finland, baada ya mtu kutega programu ya kunasa nywila kwenye mtandao wa chuo. Siku hizo wengi walitumia telnet, ambayo ilipitisha nywila wazi kabisa, kana kwamba unamtajia rafiki nambari yako ya siri kwa sauti kubwa kutoka ng'ambo ya barabara. SSH ambayo wengi tunaitumia sasa ni OpenSSH, programu huria iliyotoka mwaka 1999 mikononi mwa watu wa OpenBSD.

Sasa turudi 2009. Nilikuwa na ofisi pamoja na wenzangu wawili, chumba kimoja ghorofa ya nne, Moi Avenue, Nairobi. Tulitunza seva tano za wateja. Moja ilikuwa ya chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Nyandarua, nyumbani kwetu. Kila asubuhi karani wa chama alipima maziwa na kuandika lita kwenye kitabu. Jioni aliziingiza lita hizo kwenye mfumo tuliomtengenezea. Mwisho wa mwezi seva ilizidisha lita kwa bei, ikaondoa deni la chakula cha mifugo na pesa ambazo mtu alikuwa amekopa, kisha ikatoa orodha ya kupelekwa benki. Mama alikuwa na ng'ombe wawili. Lita zake zilikuwa humo.

Kifaa changu cha mkononi kilikuwa Nokia N810, kilichotoka mwishoni mwa 2007. Nilikinunua kwa mtu aliyerudi nacho kutoka Uingereza, nikamlipa kwa awamu tatu. Hakikuwa simu, hakikuwa hata na mahali pa kuweka laini. Kilikuwa kompyuta ndogo ya kutia mfukoni: kioo cha inchi 4.13, kumbukumbu ya MB 128, prosesa ya MHz 400, na kibodi iliyochomoza ukisukuma kioo juu. Ndani kulikuwa na Maemo, aina ya Linux iliyozaliwa na Debian. Ukitaka intaneti ulitumia Wi-Fi, ama ulikiunganisha kwa Bluetooth na simu iliyo mfukoni. Kwa mtu aliyezoea kidirisha cheusi cha amri, kile kifaa kilikuwa ajabu.

Nilikuwa naishi Githurai, na barabara ya Thika ndiyo kwanza ilikuwa inachimbwa. Saa mbili kwenye msongamano lilikuwa jambo la kawaida. Karani akipiga simu kwamba mfumo umekwama, nilikifungua kifaa juu ya mapaja, nikaingia kwenye seva kutoka ndani ya matatu.

Shida ilikuwa nywila. Ilikuwa na herufi 14, nambari na alama zikiwemo, na kwenye kibodi ile ndogo alama nyingi zilitaka ubonyeze vitufe viwili. Kwenye SSH nywila haionekani unapoiandika, hata nyota hazitokei. Gari likiruka shimo, kidole kinakosa kitufe, na huna njia ya kujua. Siku moja nilikosea mara mbili mfululizo. Mzee aliyekaa kando yangu akaniinamia akasema kwa upole: "Kijana wangu, mara ya kwanza uliweka saba. Sasa hivi umeweka nane."

Mzee hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anasaidia. Lakini nilishuka pale nikijua kwamba nywila ya malipo ya ushirika mzima imesomwa na mtu ambaye hata hakuwa anajaribu kuisoma. Usiku huo niliibadilisha, na kesho yake nikaamua kuhamia kwenye funguo.

Funguo za SSH hufanya kazi hivi. Unatengeneza vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni ufunguo wa umma, ambao napenda kuufikiria kama kufuli: unaweza kumpa yeyote, auone, aunakili, haidhuru. Cha pili ni ufunguo wa siri, nao haupaswi kutoka kwenye kifaa chako. Kufuli unaipachika kwenye seva. Ukija kuingia, kifaa chako kinatia sahihi kwa ufunguo wa siri kwenye maneno yanayohusu mazungumzo yale tu, na seva inaikagua sahihi ile kwa kutumia ufunguo wa umma. Ikilingana, mlango unafunguka. Ufunguo wenyewe hausafiri. Aliye njiani hana cha kunasa, na mzee wa kwenye matatu hana cha kusoma.

Kwenye kompyuta ya ofisi niliandika:

ssh-keygen

Programu ikaniuliza niuweke wapi ufunguo. Nikabonyeza Enter. Ikaniuliza sentensi siri, yaani maneno ya kuufunga ufunguo wenyewe ili hata akiupata mtu asiweze kuutumia. Nikabonyeza Enter bila kuandika kitu. Ikaniuliza tena, labda nimekosea. Enter. Niliona nimekuwa mwerevu: nilikuwa nakimbia nywila, kwa nini nijiwekee nyingine?

Nilipata faili mbili, id_rsa na id_rsa.pub. Ile ya .pub niliibandika mwishoni mwa faili inayoitwa authorized_keys, ndani ya folda ya .ssh, kwenye kila moja ya zile seva tano. Halafu, badala ya kutengeneza ufunguo mwingine kwa ajili ya N810, nilinakili ule ule wa ofisini.

Kidogo ilinisumbua. Nilianza kwa kuuweka kwenye hifadhi ya ndani ya GB 2, ambayo ilikuwa imeandaliwa kwa FAT. FAT haijui faili ni ya nani wala nani anaruhusiwa kuisoma, kwa hiyo kwa macho ya SSH ufunguo wangu ulikuwa wazi kwa kila mtumiaji, ikakataa kuutumia. Nikauhamishia kwenye hifadhi ya mfumo, nikafunga ruhusa:

chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/id_rsa

Nikajaribu. Mlango ukafunguka bila swali hata moja. Wengi wanaoshindwa kuweka funguo hukwama hapa kwenye ruhusa, upande wa kifaa au upande wa seva. Seva nayo hukataa kama folda yako ya nyumbani inaweza kuandikwa na watu wengine. Hiyo ndiyo mara ya mwisho SSH ilijaribu kunionya, nami nikaichukua kama usumbufu.

Baadaye nikazima kabisa kuingia kwa nywila kwenye seva zote. Hilo lilikuwa jambo zuri. Kabla ya hapo kumbukumbu za seva zilikuwa zimejaa mashine za watu nisiowajua zikibahatisha nywila za root, admin na test usiku na mchana. Zilipokuta nywila haikubaliwi tena, hazikuwa na pa kuanzia. Nikalala usingizi mzuri miezi mitatu.

Alhamisi moja mwishoni mwa Agosti nilikuwa kwenye matatu kwenye mzunguko wa Globe, saa kumi na mbili na nusu jioni. Gari limesimama. Nilikuwa nakagua orodha ya malipo ya mwezi, kwa sababu kesho yake ilitakiwa benki. Mkono ukaingia dirishani, ukatoka na N810. Nilipofanikiwa kushuka, mwenye mkono alikuwa amepotelea kwenye watu. Makanga akaniambia, "Pole boss. Hapa Globe dirisha hufungwa."

Nitawaambia ukweli ambao bado unaniaibisha. Kwa saa mbili na nusu nilihuzunikia pesa. Nilifika Githurai, nikakuta nyumba giza, maana mwezi huo mgao wa stima ulikuwa umeanza kwa sababu ya ukame. Nikakaa kitandani nikihesabu zile awamu tatu. Nilikuwa nimekaribia kulala ndipo nikakumbuka kwamba mtu yule hakuchukua kioo na kibodi tu. Alikuwa na ufunguo wa seva tano, usio na sentensi siri, kwenye kifaa ambacho sikukiwekea hata nambari ya kukifungua. Na ili asipate shida ya kutafuta, anwani za seva zote zilikuwa kwenye faili iliyo kando ya ufunguo.

Kitu kimoja tu kilinipa moyo. N810 ilipata intaneti kupitia simu yangu, na simu ilibaki mfukoni mwangu. Kwa hiyo kifaa kingekuwa kipofu hadi kipate Wi-Fi. Sikujua muda huo ni dakika kumi au siku kumi.

Kompyuta yangu ya nyumbani haikuwa na stima. Kwenye saiba nisingeweza kuingia, kwa kuwa nilikuwa nimezima nywila mwenyewe. Mwizi angeweza kuingia kutoka popote. Mimi mwenye nyumba nilikuwa na mahali pamoja tu pa kuingilia, na mahali hapo ni ghorofa ya nne Moi Avenue. Nikarudi mjini usiku.

Askari wa jengo alinikatalia. "Hapa mwisho ni saa mbili. Barua iko wapi?" Sikuwa na barua. Nikampigia mwenzangu, akazungumza naye, akakubali, lakini alipanda nami ngazi hadi juu akasimama mlangoni. Simlaumu hata kidogo. Usiku ule yeye ndiye peke yake aliyekuwa analinda kitu sawasawa.

Kabla sijagusa chochote nilimpigia mwenyekiti wa ushirika. Ilikuwa saa nne kasoro.

"Samahani mzee kwa kukuamsha. Nimeibiwa kifaa, na ndani yake kuna ufunguo wa mfumo wa malipo."

"Huyo aliyeiba anajua ni ufunguo wa nini?"

"Sidhani, mzee. Lakini akijua, anaingia bila kuulizwa."

Akanyamaza kidogo. "Na wewe unaweza kuingia?"

"Naweza. Niko ofisini."

"Basi badilisha kufuli. Halafu nitamwambia karani kesho asipeleke kitu benki mpaka alinganishe na kitabu."

Hakuniuliza SSH ni nini. Alikuwa ameendesha stoo miaka mingi, na ufunguo ukipotea alijua la kufanya.

Kubadilisha kufuli kwenye SSH ni kufuta mstari mmoja. Unafungua authorized_keys, unaondoa ufunguo wa umma wa kifaa kilichopotea, basi. Lakini nilipoifungua ile faili nilikuta mistari sita, na minne kati yake iliishia na maneno yale yale: root@localhost. Yale maneno ya mwisho wa mstari ni maelezo tu, ya kumkumbusha binadamu ufunguo ni wa nani, na sisi watatu hatukuwahi kuyajali. Ikabidi nifungue id_rsa.pub kando na kulinganisha herufi kwa macho, moja moja, huku askari akinitazama.

Halafu kulikuwa na kosa la pili. Ufunguo wa N810 ulikuwa ndio ufunguo wa ofisini. Nikiufuta, najifungia nje pamoja na mwizi. Kwa hiyo kwa kila seva nililazimika kufuata mpango huu: kutengeneza ufunguo mpya, safari hii wenye sentensi siri; kuuongeza kwenye authorized_keys; kuacha dirisha la kwanza wazi; kufungua dirisha la pili na kuhakikisha ufunguo mpya unaingia kweli; kisha ndipo kufuta mstari wa zamani. Nilianza na seva ya maziwa.

Kufuta mstari hakumtoi aliye ndani tayari. Mlango ukishafunguka, mtu anaendelea kukaa hata ukibadilisha kufuli. Kwa hiyo kila mahali niliandika who kuona nani yumo, na last kuona walioingia siku hizo. Nilisoma pia mistari yote iliyobaki kwenye authorized_keys, maana mtu akiingia mara moja anaweza kujipachikia kufuli yake na kurudi wakati wowote. Nilimaliza saa saba usiku. Mtu wa mwisho kuingia kwenye seva ya maziwa kabla yangu nilikuwa mimi mwenyewe, kutoka kwenye matatu.

Asubuhi karani na mwenyekiti waliketi na kitabu, mimi nikiwa kwenye simu na orodha ya seva. Tulisoma lita za mwezi mzima, jina kwa jina, siku nzima na nusu ya siku ya pili. Tulipata tofauti moja tu, nayo haikuwa ya mwizi: jirani yetu mmoja alikuwa ameandikiwa lita 6 siku aliyoleta 9. Malipo yalichelewa siku mbili. Mama alinipigia simu kuuliza kwa nini, nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyeacha mlango wazi." Nikasema ndiyo, mama.

N810 haikupatikana. Naamini iliuzwa kwa bei ya chini kwa mtu aliyeifuta yote akaangalia picha. Lakini sikuokolewa na ujuzi wangu. Niliokolewa na askari aliyekubali kuelewa, kitabu cha karatasi, na mwizi asiyejua alichobeba.

Miezi mitatu baadaye, Novemba 2009, nilisoma habari iliyonifanya nitetemeke upya. Watu waliokuwa wamefungua iPhone zao ili waweke programu wanazotaka walikuwa wameweka seva ya SSH ndani ya simu, wakasahau kubadilisha nywila ya root, ambayo ilikuwa ile ile kwa kila simu: alpine. Kijana mmoja wa Australia aliandika mnyoo ulioitwa Ikee, ukaruka kutoka simu hadi simu kwa nywila hiyo, ukibadilisha picha ya kioo kuwa ya mwimbaji Rick Astley. Mwezi huo huo mtu mmoja huko Uholanzi alitumia mlango huo huo kuwataka wenye simu wamlipe euro 5. Na mimi? Kwenye N810 yangu nilikuwa nimeweka seva ya SSH vilevile ili nihamishe faili. Katika vifaa vya ukoo ule nywila ya root iliyojulikana na kila mtu ilikuwa rootme. Nilikuwa nimekaa nayo kwenye Wi-Fi za mikahawa.

Kwa hiyo, kijana wangu na wengine wote, hizi ndizo amri, kama ninavyozitumia leo kwenye simu ya Android yenye Termux:

pkg install openssh
ssh-keygen -t ed25519 -C "simu-yangu"
ssh-copy-id -i ~/.ssh/id_ed25519.pub jina@seva

Ed25519 iliingia OpenSSH mwaka 2014, na tangu toleo la 9.5 la mwaka 2023 ndiyo aina inayotengenezwa hata usipoitaja. Ufunguo wake wa umma ni mfupi, unaingia kwenye mstari mmoja hata kwenye ujumbe wa simu. Kama seva haikubali nywila tena, ssh-copy-id haitaweza kuingia. Tuma faili ya.pub kwenye kompyuta yenye ruhusa na uibandike kutoka huko. Hiyo si siri. Ile isiyo na .pub ndiyo siri, na isitoke kwenye simu kamwe.

Maneno baada ya -C ndiyo yale ya mwisho wa mstari. Andika jina la kifaa. Siku ya msiba hutakuwa unalinganisha herufi kwa macho.

Ukiulizwa sentensi siri, iandike. Najua utaniambia umekuja hapa kukimbia nywila. Kuna wakala wa kukubebea mzigo huo:

eval $(ssh-agent)
ssh-add -t 3600

Unaandika sentensi siri mara moja, wakala anaushikilia ufunguo kwa sekunde 3600, yaani saa moja, unaingia na kutoka upendavyo. Saa ikiisha, ufunguo unajifunga. Simu ikinyakuliwa kesho, mwizi anapata faili iliyofungwa, nawe unapata muda wa kufika kwenye kompyuta nyingine. Kama una ufunguo wa zamani uliobonyezewa Enter, huhitaji kuutupa. Ssh-keygen -p itakuwekea sentensi siri juu yake, na seva haitajua tofauti.

Usiuweke ufunguo kwenye hifadhi ya pamoja ya simu, ile yenye picha na nyimbo. Huko ruhusa za faili hazina maana, kama ilivyokuwa kwenye FAT ya N810, na programu nyingine zinaweza kupata njia ya kuusoma. Folda ya ndani ya Termux ni yake peke yake.

Kila kifaa kiwe na ufunguo wake. Simu moja, kompyuta ya ofisi mwingine, ya nyumbani mwingine. Kimoja kikipotea, unafuta mstari mmoja na vingine vinaendelea kufanya kazi. Na viwe angalau viwili, ili usije ukajifungia nje.

Ukishahakikisha funguo zinaingia, na dirisha moja likiwa wazi, ndipo uzime nywila kwenye mipangilio ya seva:

PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no

Jaribu mipangilio kwa sshd -t kabla ya kuiwasha upya, kisha ingia kwa dirisha jipya. Usifunge lile la zamani mpaka hili jipya likubali. Na kama unaweka seva ya SSH kwenye simu yenyewe, ambayo Termux huisikilizia kwenye mlango nambari 8022, iwashe unapoihitaji, iingiwe kwa ufunguo, kisha uizime.

Siku hizi kuna na sheria. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayesimamia data za watu, zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukiwa na hatari ya kweli kwa wenye data, amjulishe Kamishna ndani ya saa 72. Ndani ya saa hizo utatakiwa kueleza nani aliingia, wapi, lini. Hutaweza kama mistari yako yote inasema root@localhost.

Kijana alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali zuri kuliko la kwanza: "Sasa kaka, nikiipoteza simu hii leo, nianzie wapi?" Nikamwambia afungue authorized_keys ya seva yake pale pale, anisomee mistari, na kwa kila mmoja aniambie ni wa kifaa gani na kiko wapi sasa hivi. Mistari ilikuwa saba. Alizijua mitatu.

Nanyi fanyeni hivyo usiku wa leo. Mstari usioujua mwenyewe, mtafute. Asipopatikana, ufute.

Tuonane wakati mwingine, na kwenye matatu fungeni madirisha.